Barnaba, mtume aliyewadhamini wenzake

Jina la Barnaba nimelisikia mara nyingi zaidi kwenye mihadhara ya dini kuliko kanisani. Mhadhiri anainua kitabu juu, anataja Injili ya Barnaba, kitabu kinachodai kuandikwa na mtume huyo, wa upande wa pili anadai kipaza sauti ili ajibu, na mpaka Isha inaadhiniwa watu wamebishana kuhusu kitabu tu. Barnaba mwenyewe, yule Mlawi, mtu wa kabila la Lawi, wa kisiwa cha Kipro, aliyeuza shamba lake, hakuna aliyeuliza habari zake. Jambo hili limeniuma miaka mingi, kwa sababu katika watu wote wa Agano Jipya sijui mwingine aliyewabeba wenzake kama yeye.

Basi tuanze na hicho kitabu, tukiweke mahali pake, kisha tumrudie mtu.

Injili ya Barnaba inayosomwa leo imetoka kwenye hati ya Kiitaliano iliyohifadhiwa Vienna. Ipo pia nakala ya Kihispania ya karne ya 18, isiyokamilika, iliyopatikana Sydney. Kilichoisambaza duniani ni tafsiri ya Kiingereza ya Lonsdale na Laura Ragg iliyotoka mwaka 1907. Umri wake kinautaja chenyewe bila kujua. Kinasema mwaka wa yubile, ule mwaka mtakatifu wa kuachilia watumwa na kurudisha mashamba, huja kila baada ya miaka 100, wakati Torati, katika Walawi sura ya 25, inasema 50. Hesabu ya miaka 100 ilianzia Roma mwaka 1300, Papa Bonifasi VIII alipotangaza yubile ya Kanisa, na mwaka 1343 Papa Klementi VI akaipunguza ikawa 50. Myahudi wa karne ya 1 angeitoa wapi hesabu hiyo? Kitabu hicho hicho kinasimulia Yesu akipanda chombo katika Ziwa la Galilaya na kufika Nazareti, kana kwamba Nazareti ni bandari. Nazareti iko vilimani, mbali na ziwa. Tena, na hili nawaambia ndugu zangu Waislamu kwa heshima, kitabu hiki kinakana kwamba Isa ndiye Masihi, hali Qurani inamwita Masihi Isa mwana wa Mariamu. Anayeegemea kitabu hiki, awe wa msikitini au wa kanisani, anaegemea ukuta usiokuwa wake.

Kuna andiko jingine, la kale kweli, liitwalo Waraka wa Barnaba. Hili liliheshimiwa sana Aleksandria, na limo ndani ya Kodeksi ya Sinai, ile Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4. Lakini mwandishi wake hajitaji jina popote. Anazungumza baada ya hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, na anawashambulia Wayahudi kwa ukali hata kudai hawakuwahi kuielewa sheria yao. Ni vigumu kwangu kuisikia humo sauti ya Mlawi aliyebeba mchango wakati wa njaa kuwapelekea Wayahudi wenzake wa Uyahudi. Tertulliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo wa kale, naye alisema waraka kwa Waebrania ulio katika Agano Jipya uliandikwa na Barnaba. Hilo linaweza kujadiliwa, maana waraka ule umejaa mambo ya makuhani na dhabihu, lakini hakuna wa kulithibitisha.

Kwa hiyo hatuna hata mstari mmoja tunaoweza kuapa kwamba aliuandika yeye. Kila tunachokijua juu yake kimesemwa na wengine: Luka katika Matendo ya Mitume, na Paulo katika nyaraka zake. Nadhani hata hilo linamfaa.

Jina lake halisi ni Yusufu. Matendo 4:36 inasema mitume ndio waliompa jina la Barnaba, na Luka anatufasiria: Mwana wa faraja. Wajuzi wa Kiaramu wanahangaika na tafsiri hiyo, kwa sababu "bar" ni mwana, lakini sehemu ya pili inakaribia zaidi neno la unabii kuliko faraja. Neno la Kigiriki alilotumia Luka, paraklesis, ni pana: kufariji, kutia moyo, kuhimiza, kuonya kwa upendo. Nabii naye, kwa Wakristo wa kwanza, alikuwa mtu wa kuwajenga na kuwatia moyo watu, kwa hiyo huenda hizo maana mbili hazigombani sana. La muhimu ni kwamba hili ni jina la utani la heshima. Watu hawampi mtu jina la namna hiyo kwa tendo la siku moja. Huwa wamekaa naye, wakaona tabia.

Na tusimchanganye na Yusufu mwingine, yule Barsaba aitwaye Yusto, aliyepigiwa kura pamoja na Mathiya kuziba nafasi ya Yuda. Majina yanafanana, watu ni wawili.

Anapoingia kwenye habari, Barnaba hasemi kitu. Anauza shamba, analeta fedha, anaziweka miguuni pa mitume, basi. Luka hatuambii shamba lilikuwa Kipro au Yerusalemu, wala bei. Wengine huuliza Mlawi alipataje shamba wakati Torati iliwanyima Walawi urithi wa nchi. Jibu ni kwamba sharti hilo lilikuwa limelegea zamani sana. Hata Yeremia, mtoto wa kuhani, alinunua shamba Anathothi. Kinachonigusa mimi ni mistari inayofuata. Mara baada ya Barnaba, Luka anawaleta Anania na Safira, nao wameuza kiwanja, nao wanaweka fedha mahali pale pale, ila wameficha nyingine na wanataka waonekane wametoa zote. Ni wazi walimwona Barnaba akiheshimiwa wakaitamani ile heshima. Yeye alitoa shamba, wao walitaka jina.

Je, alikuwa mtume? Swali hili huwasumbua watu kwa kuwa hayumo katika orodha ya wale Kumi na Wawili. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu neno letu linajieleza lenyewe: mtume ni aliyetumwa. Ndivyo lilivyo na neno la Kigiriki, apostolos. Kuna maana finyu, ya wale waliotembea na Yesu tangu ubatizo wa Yohana mpaka kupaa, wakawa mashahidi wa kufufuka kwake. Sharti hilo Petro analitaja katika Matendo 1. Kuna na maana pana, ya yule ambaye Roho Mtakatifu na kanisa wamemtenga, wakamwekea mikono, wakamwachia aende. Kwa maana hiyo ya pili, Matendo 14:14 inasema waziwazi "mitume Barnaba na Paulo". Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho kuhusu haki za mitume, anamweka Barnaba sambamba na yeye mwenyewe: wote wawili walifanya kazi kwa mikono yao wasiwe mzigo kwa makanisa. Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, alisema alikuwa mmoja wa wale Sabini waliotumwa na Yesu. Hata tukiliacha hilo, utume wake unasimama.

Sasa tufike penyewe.

Sauli, ndiye Paulo huyo, aliporudi Yerusalemu baada ya kumwamini Yesu njiani kwenda Dameski, kila mtu alimkimbia. Tuwaelewe wale watu. Huyu ndiye aliyesimama wakati Stefano, shahidi wa Yesu, anapigwa mawe, nguo za wapigaji zikiwa miguuni pake. Huyu aliingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake gerezani. Leo anasema ameokoka. Nani hajui mtego? Askari kanzu wapo tangu zamani.

Nikiisoma sura ya 9 ya Matendo namkumbuka mzee mmoja wa usharika wetu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi, mama kanituma kupeleka chupa ya chai kwenye kikao cha wazee. Mlangoni alisimama kijana aliyetoka gerezani wiki ile, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni, kwenye joto la mwezi wa pili. Hakuwa na barua ya utambulisho kutoka usharika wowote. Wazee wote walikuwa wanaangalia meza. Kuna aliyeibiwa mbuzi na kijana yule, na alikuwemo humo ndani. Yule mzee, fundi baiskeli ambaye vidole vyake havikutakata grisi hata Jumapili, akavuta benchi kwa mguu, akapangusa vumbi kwa kiganja, akamwambia, "Kaa hapa, mwanangu." Kisha akawageukia wenzake: "Huyu mwandikeni kwa jina langu. Akiharibu, njooni kwangu." Mimi nikapewa kikombe nimpelekee mgeni. Mkono wake ulitetemeka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

Barnaba alifanya hivyo. Matendo 9:27 inasema alimtwaa Sauli, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ushujaa Dameski. Kwa hiyo alikuwa amekaa naye kwanza, akamsikiliza, akaijua habari yake hata kuweza kuisimulia. Yeyote aliyewahi kusaini fomu ya mkopo wa mwenzake kwenye kikoba anajua uzito wake. Mwenzako akikimbia, wanakuja kuchukua viti vyako. Barnaba aliweka rehani kitu kizito kuliko viti, kwa kuwa kama Sauli angekuwa mpelelezi, damu ya kanisa la Yerusalemu ingekuwa juu yake.

Baada ya siku chache Sauli alitishiwa kuuawa, ndugu wakampeleka kwao Tarso. Hapo Matendo yananyamaza juu yake. Miaka inapita. Kanisa linaendelea.

Halafu Antiokia ya Shamu, mji mkubwa, yakatokea mambo mapya: watu wa Kipro na Kirene wakaanza kuwahubiria hata Wayunani, na wengi wakaamini. Yerusalemu ikaingiwa na wasiwasi, ikamtuma Barnaba akaangalie. Angekwenda mkaguzi mwingine, pengine angeanza na sheria: wametahiriwa? wanakula nini? Luka anasema Barnaba alipofika na kuiona neema ya Mungu, alifurahi. Kisha anaongeza sifa ambayo hampi mtu mwingine katika kitabu kizima kwa maneno hayo: alikuwa mtu mwema, amejaa Roho Mtakatifu na imani.

Kazi ikamzidi. Angeweza kuomba mtu Yerusalemu, wakamtuma wa kuaminika. Badala yake alifunga safari ya siku kadhaa mpaka Tarso kumtafuta Sauli. Neno la Kigiriki katika Matendo 11:25 si la kumwita mtu ambaye unajua anwani yake. Ni la kutafuta huku na huku, na Luka alikwisha kulitumia katika Injili yake pale Yusufu na Mariamu walipokuwa wakimtafuta Yesu mtoto kwa jamaa na marafiki. Namwona Barnaba akipita vichochoro vya Tarso, akiulizia fundi wa mahema. Alipompata akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima, na ni Antiokia hapo ambapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Njaa ilipoingia zama za Kaisari Klaudio, hao wawili ndio waliokabidhiwa msaada wa kupeleka Uyahudi. Fedha za watu huwakabidhi wasioiba.

Hapa naomba msomaji afungue Biblia yake, aanzie Matendo 11, aangalie mpangilio wa majina tu. "Barnaba na Sauli" mwanzoni mwote. Katika 13:1, kwenye orodha ya manabii na walimu wa Antiokia, Barnaba ni wa kwanza na Sauli ni wa mwisho. Wanavuka kwenda Kipro, kisiwa cha Barnaba mwenyewe, wanahubiri Salami, wanaipita nchi mpaka Pafo, na mbele ya liwali Sergio Paulo, Sauli, ambaye sasa anaitwa Paulo, ndiye anayenena kwa nguvu na liwali anaamini. Wakitweka tanga kutoka pale, Luka anaandika "Paulo na wenzake". Barnaba hatajwi hata jina. Kwao alikozaliwa, mbele ya watu wa nyumbani, ndipo nafasi ilipohama. Kutoka hapo ni "Paulo na Barnaba".

Ila si moja kwa moja. Listra watu walipodhani miungu imeshuka, walimwita Paulo Herme kwa kuwa ndiye mnenaji, na Barnaba wakamwita Zeu, mkuu wa miungu. Huenda alikuwa na umbo la kuheshimika, au ni ule ukimya wake. Na kwenye mkutano wa Yerusalemu, yapata mwaka 49, mambo ya mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi, yalipojadiliwa, Luka anarudi kusema "Barnaba na Paulo", na barua ya mitume yenyewe inawataja hivyo: "wapenzi wetu Barnaba na Paulo". Maana yake ni rahisi. Kule Yerusalemu, aliyeaminika zaidi bado alikuwa Barnaba. Wakati Paulo anapanda kuwa jina kubwa la utume kwa mataifa, sahihi iliyokuwa chini ya hati yake, mbele ya wazee wa Yerusalemu, ilikuwa ya Mlawi huyu.

Hakuna mahali Luka anamwonyesha Barnaba akilalamika. Wapo watumishi wengi wanaofurahi kumlea kijana mpaka siku watu wanapoanza kumsifu yule kijana.

Sasa lile la kuumiza. Katika safari ya kwanza walikuwa na kijana Yohana Marko. Walipofika Perge aliwaacha akarudi Yerusalemu. Luka hasemi sababu, na mimi siwezi kumsemea. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba akataka wamchukue tena. Paulo akakataa katakata: huyu alituacha kazini. Neno la Kigiriki la ugomvi wao, paroxysmos, ni la hasira iliyopanda, madaktari walilitumia kwa homa inapofikia kilele. Wakaachana. Barnaba na Marko wakatweka kwenda Kipro, Paulo akamchukua Sila akapita Shamu na Kilikia.

Nani alikuwa na haki? Nimesikia mahubiri mengi yanayompa Paulo ushindi kwa sababu tu kitabu kinaendelea na Paulo. Sikubaliani. Paulo alikuwa anaitetea kazi, na kazi ilikuwa ngumu. Listra walimpiga mawe mpaka wakadhani amekufa. Lakini Barnaba alikuwa anafanya lile lile alilolifanya mwanzo. Yule aliyekataa kumpa Marko nafasi ya pili alikuwa amepata nafasi yake ya kwanza kwa udhamini wa mtu huyu huyu.

Wapo wanaosema ilikuwa upendeleo wa undugu, kwa kuwa Wakolosai 4:10 inaonyesha Marko alikuwa binamu yake. Undugu ulikuwepo. Lakini Sauli hakuwa ndugu yake.

Na pengine palikuwa na kidonda kingine. Katika Wagalatia 2 Paulo anasimulia jinsi Petro alivyokuwa akila na watu wa mataifa huko Antiokia, mpaka walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, ndipo akajitenga. Wayahudi wengine wakamfuata, "hata Barnaba naye akachukuliwa na unafiki wao". Lile "hata" limebeba majonzi. Paulo hakutegemea. Wasomi hawakubaliani kama tukio hilo lilikuwa kabla ya mkutano wa Yerusalemu au baada yake, na Luka halitaji kabisa. Kama lilikuwa baada, basi mabishano ya Marko yalianguka juu ya udongo uliokwisha kupasuka. Kosa lenyewe silipunguzi. Barnaba alikuwa mtu wa kupatanisha, na mtu wa namna hiyo udhaifu wake huwa hapo hapo: anaogopa kumuudhi mgeni aliyefika, anamuumiza aliyekaa naye mezani siku zote.

Baada ya kutweka kwenda Kipro, Matendo hayamtaji tena. Mapokeo ya Kipro yanasema aliuawa Salami. Mwishoni mwa karne ya 5, zama za Kaisari Zeno, Askofu Anthemio alitangaza kuwa ameliona kaburi lake, na nakala ya Injili ya Mathayo kifuani. Kanisa la Antiokia wakati ule lilikuwa likidai mamlaka juu ya Kipro, na kaburi hilo likawapa Wakipro uzito wa kujisimamia. Mpaka leo askofu mkuu wa Kipro hutia sahihi kwa wino mwekundu, haki inayosemekana ilitolewa na Kaisari huyo. Sikukuu ya Barnaba ni tarehe 11 Juni, Mashariki na Magharibi.

Lakini Marko hakuishia Kipro. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni, wengi wamemwacha, Luka peke yake yupo naye, na anaagiza: Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi. Kanisa tangu kale limeamini kuwa ni Marko huyu aliyeandika Injili ya pili.

Na kwa Wakolosai, pia kutoka kifungoni, Paulo anamtambulisha Marko, kijana yule yule ambaye yeye alimkataa kule Antiokia. Ni barua ya utambulisho kwa kanisa ambalo Paulo mwenyewe alikuwa hajafika, na ilimbidi ataje jina litakalowafanya wamfungulie mgeni mlango. Hakuandika "Marko, mfanyakazi wangu". Alimwita Marko, binamu yake Barnaba, kisha akaongeza: akifika kwenu, mkaribisheni.